Mjomba Mkatili wa Kwenye Runinga na Vitabu Vyake vya Watoto

Mwaka 2004, katika soko la Mbuyuni mjini Moshi, mama mmoja muuza ndizi alikataa kuniwekea chenji mkononi. Nilikuwa nimechagua mkungu wa mshare, tumeshapatana bei, nimempa noti ya shilingi 10,000. Alizihesabu noti za chenji mara mbili, akaziweka juu ya gunia lililokuwa katikati yetu na kuurudisha mkono wake haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Nenda salama baba, lakini yule mtoto yatima Mungu anamwona." Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akizungumzia igizo lililorushwa usiku wa juzi yake, ambamo mimi, mjomba wa yule yatima, nilimfukuza nyumbani huku mvua ikinyesha, nikabaki na shamba la marehemu baba yake. Yatima mwenyewe alikuwa kijana mchangamfu wa Temeke ambaye, tulipomaliza kurekodi tukio hilo, alikula sahani mbili za wali kwa pesa yangu.

Kwa miaka minane, kuanzia 2001 hadi 2009, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Sitalitaja kundi wala kituo, kwa kuwa si yote nitakayoeleza ni ya kuwasifu, na wengi wao ni marafiki zangu hadi leo. Nilikuwa mjomba mkatili, baba wa kambo mkatili, mwenye nyumba asiye na huruma, na mara moja tu nikawa katekista, ambaye naye katika sehemu ya tatu aligundulika kuwa anaiba sadaka. Sasa naishi Moshi na kuandika vitabu vya hadithi kwa watoto wa miaka sita hadi kumi. Watu wanaponiuliza nilivyotoka kule nikafika huku, hudhani nilikuwa na kipaji kimoja nilichokihamisha tu kutoka mahali pamoja hadi pengine, kama mtu anayehamisha ng'ombe. Sivyo ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya nilichokijua nilipaswa kukiacha kwanza, na kukiacha kulinichukua muda mrefu kuliko kukijifunza.

Nilizaliwa Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mwaka 1978, katika kihamba cha babu yangu, yaani shamba la ukoo lenye migomba, na utotoni mwangu Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini sisi tuliishi na redio, na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilitufanya tuchelewe kuchota maji mara nyingi, tukachapwa. ITV ilipoanza mwaka 1994, wazee wa kwetu hawakuchoka kukumbushana kwamba mwanzilishi wake, Reginald Mengi, ni mtoto wa Machame, ingawa sisi wa Uru na watu wa Machame hatukubaliani katika mengi. Matangazo yalipofika kijijini, runinga ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mwenye duka mmoja, aliyekuwa ameifunga antena kwenye mti mrefu na kuuegemeza kwenye mparachichi uliokuwa nyuma ya duka. Picha ilikuwa ya chenga, na kila upepo ulipovuma ilipotea kabisa. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wenzangu, kwa hiyo kazi ya kuizungusha antena ilikuwa yangu. Wao walikaa ndani, mimi nje gizani, nimeukumbatia mti, nikisikia dirishani, "Geuza! Geuza! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Michezo mingi ya miaka ile sikuitazama. Niliisikia tu, na sura za waigizaji nilijitungia mwenyewe, na nakumbuka nilivyovunjika moyo siku niliyoingia ndani nikakuta kwamba mzee mwenye sauti nzito niliyempenda kumbe alikuwa mwembamba, tena mfupi.

Nilikwenda Dar es Salaam mwaka 1999 kumsaidia kaka yangu dukani Manzese, ambako kila mteja aliniita Mangi, jina la utani la Wachagga wenye maduka, hata kabla sijafungua mdomo. Jirani yetu alikuwa mwanachama wa kundi la maigizo lililofanya mazoezi kwenye darasa la shule ya msingi baada ya wanafunzi kuondoka. Nilimfuata siku moja kwa udadisi, wakawa wamepungukiwa na mtu wa kusimama kama askari, nikasimama. Mengine hayana haja ya kuelezwa kwa urefu, maana kila mwigizaji wa kizazi changu aliingia hivyohivyo, kwa kuziba pengo la mtu aliyechelewa.

Kundi letu halikuwa na muswada wa maneno. Mwongozaji alitukusanya asubuhi, akatueleza kisa cha siku hiyo kwa dakika kumi: wewe umerithi nyumba, wewe unaidai, wewe umesikia kila kitu dirishani. Maneno tulijitafutia wenyewe kamera ikiwa imeshawashwa. Ukikosa neno, unakunja uso. Ukilipata, unalisema mara tatu kwa namna tatu, na mhariri atachagua. Malipo yalikuwa shilingi 5,000 kwa siku ya kurekodi, nauli juu yako. Katika mazingira hayo uso ndio uliokuwa akiba yetu. Mpiga picha wetu, mtu wa Tanga asiyependa maneno mengi, aliniita pembeni mwaka wangu wa kwanza baada ya tukio ambamo nilikuwa nimemkazia macho mke wangu wa kwenye igizo kisha nikamwambia kwamba nimemkasirikia sana. Akaniambia, "Kaka, ukishakunja uso usiseme tena kwamba umekasirika. Nimeshakuona." Kati ya yote niliyofundishwa katika fani ile, hakuna lililonifaa zaidi ya hilo. Nilianza kupunguza maneno na kuliachia jicho kazi, na mwishowe watazamaji wakalijua jicho langu la kushoto, lile linalofumba kidogo kabla sijafanya uovu, kuliko walivyolijua jina langu. Mkuu wa kundi alipendekeza hata tuweke picha ya jicho hilo peke yake kwenye mwanzo wa igizo.

Desemba 2006 nilipanda kuja nyumbani kwa Krismasi, kama tufanyavyo Wachagga wote, mabasi yakiwa yamejaa hadi kwenye ngazi. Dada yangu alikuwa na mtoto wa miaka mitano ambaye sikuwa nimemwona tangu anyonye. Nilipoingia tu, mtoto alipiga yowe na kujificha chini ya kitanda cha bibi yake. Hakutaka kula meza moja nami, hakutaka zawadi niliyomletea, na dada yangu, ambaye alikuwa akilitazama igizo letu kwa uaminifu mkubwa, alinilaumu mimi badala ya kujilaumu yeye. Ule ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme, na usiku wa pili taa zilizimika tukiwa sebuleni. Tukakaa gizani kusubiri mtu alete taa ya chemli. Kwa kujaza ukimya nilianza kusimulia hadithi ambayo kila mtoto wa mlimani ameisikia: Mawenzi alivyozimikiwa na moto, akaenda kwa nduguye Kibo kuomba kaa, akapewa na chakula juu, akakipenda chakula kile, akawa anauzima moto wake makusudi ili arudi tena, mpaka Kibo aliposhikwa na hasira akampiga kwa mchi, na ndiyo maana hadi leo Kibo ni laini kileleni na Mawenzi amejaa mapengo.

Nilipofika pale Mawenzi anapoupulizia moto wake hadi ukazimika, nilihisi kitu kimegusa goti langu. Mtoto alikuwa ametoka chumbani kwa kutambaa. Alipofika akaketi mguuni pangu, na Kibo alipoinua mchi, akanishika suruali. Hadithi iliisha, chemli ikaletwa, akaniangalia, akapiga yowe lingine, akakimbia.

Wote walicheka, nami nilicheka, lakini usiku ule sikulala mapema. Nilijikumbuka nimeukumbatia ule mti wa antena nyuma ya duka. Niliporudi Dar es Salaam nilinunua daftari la kurasa 200, nikaanza kuandika hadithi, na kwa miaka mitatu sikumwonyesha mtu yeyote, kwa kuwa hadithi za watoto hazikuwa jambo la kujivunia katika kundi la watu wazima waliozoea kugombania mirathi mbele ya kamera.

Kundi lilisambaratika mwaka 2009. Filamu za video zilikuwa zimeshachukua waigizaji wenye sura zilizouza, na sisi wengine tulibaki tukilumbana kuhusu posho ambazo kituo kilidai kimeshazilipa na mkuu wetu alidai hajazipokea. Nani alisema kweli, sijui, na sasa sitaki tena kujua. Mwaka 2010 baba aliugua, nikarudi Moshi. Nilifungua duka dogo la vifaa vya shule na fotokopi karibu na stendi, na hapo ndipo nilipopata elimu ya vitabu ambayo hakuna aliyekuwa amenipa. Wazazi waliuliza vitabu vya kiada na vitabu vya maswali na majibu. Kitabu cha hadithi waliniomba wakati wa kutoa zawadi ya darasa tu, tena kwa sharti kwamba kiwe cha bei ndogo kuliko sanduku la rangi. Siwalaumu, kwani kitabu cha maswali kinaahidi mtihani, na cha hadithi hakina cha kuahidi.

Aprili 2012 nchi ilimzika mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, na watu waliofurika barabarani Dar es Salaam niliwatazama kwenye runinga ya dukani kwangu pamoja na wateja waliosahau kopi zao. Mwishoni mwa Machi mwaka uliofuata mitambo ya analojia ilizimwa Moshi na Arusha, na nyumba zisizo na king'amuzi zikabaki na skrini tupu. Kwa jirani zangu wengi wa Uru, mjomba mkatili, aliyekuwa amebaki kwenye marudio tu, alitoweka usiku huohuo. Nakiri kwamba niliumia kidogo. Nilizoea kutazamwa, hata na waliokuwa wakinichukia.

Muswada wangu wa kwanza ulihusu msichana aitwaye Ndeshi ambaye zamu ya familia yake ya kupata maji ya mfereji imeangukia usiku wa manane, na baba hayupo. Wanaofahamu mifereji ya kwetu wanajua kwamba zamu ikikupita umekwisha, na kwamba kuna ndugu wasiosalimiana hadi leo kwa sababu ya tofali moja la nyasi la kuzibia mfereji lililoondolewa gizani. Nilimwomba mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Pasua aniruhusu niwasomee Darasa la Tatu. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikitembea kati ya madawati, nikibadili sauti kwa kila mhusika. Watoto walicheka, walitulia, walishika vinywa; wawili walipiga makofi hata kabla sijamaliza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajipangia namna ya kuhojiwa redioni.

Kilichoniokoa ni kulisahau daftari. Nilikuwa nimeliacha darasani, na siku ya Ijumaa nilipolifuata nilimkuta mwalimu wa darasa, mama wa makamo mwenye mafua, akiwasomea watoto hadithi ileile kwa sababu walikuwa wamemwomba. Nilisimama nje ya dirisha. Mwalimu alisoma kama walimu wengi wasomavyo saa saba mchana, kwa sauti moja kutoka mwanzo hadi mwisho, akisimama kupenga kamasi. Kufikia ukurasa wa pili watoto walikuwa wakichora kwenye madawati. Kufikia wa tatu, mmoja aliomba kwenda chooni, akafuatwa na wengine wanne. Kisha mwalimu akafikia sentensi niliyokuwa nikiipenda kuliko zote: "Babu alimtazama Ndeshi kwa jicho kali mno, jicho ambalo mtu yeyote angelielewa." Msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, jicho kali likoje?"

Mwalimu aliitazama karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma yake. "Haijaandikwa," akajibu.

Nilipowasomea mimi, jicho hilo walikuwa wameliona. Lilikuwa usoni kwangu, lile lile la kushoto. Kwenye daftari halikuwamo. Nilipotoka pale nilipitia muswada wote kwa kalamu nyekundu, nikitia alama kila mahali ambapo nilikuwa nimetegemea sauti yangu, kimya changu au uso wangu, na nilipomaliza kurasa zilionekana kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Mpiga picha wa Tanga alikuwa sahihi mbele ya kamera, lakini msomaji wa kitabu hajaniona na hataniona. Sentensi ya babu niliihangaikia kwa wiki mbili. Nilijaribu kuandika kwamba alikasirika; nikajaribu kueleza nyusi zake, mishipa yake, pua yake, ikawa kama maelezo ya daktari. Hatimaye niliandika hivi: "Babu aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika mezani. Babu hakuifuta."

Nilimpelekea yule mwalimu, mafua yakiwa yameisha lakini sauti ikiwa ileile, nikamwomba asome bila kuipamba, nami nikakaa nyuma. Alipofika kwenye "hakuifuta", mvulana mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Amekasirika." Neno hasira halikuwa limeandikwa popote katika ukurasa huo. Tangu siku ile sijawahi kuupeleka muswada kwa mchapishaji kabla mtu mwingine hajawasomea watoto, na humtafuta kwa makusudi msomaji mwenye sauti ya kuchosha. Mwalimu yule ameshastaafu. Humfuata nyumbani kwake Soweto, humlipa kwa sukari na mchele, naye huwasomea wajukuu wake miswada yangu. Nilipomweleza mara moja kwa nini nampenda kwa kazi hiyo, hakufurahi sana.

Lugha nayo ilinitesa kwa namna nisiyoitarajia. Mwigizaji huona Kiswahili kikimtoka kinywani kama maji, naye hasumbuki kujua neno lina silabi ngapi. Mtoto wa Darasa la Pili, ambaye ndiyo kwanza anaunganisha ba, be, bi, bo, bu, analihesabu neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Hawakumsikiliza" ni neno moja kwetu, lakini kwake ni mawe manane, na akifika la nane ameshasahau ni nani hakusikilizwa. "Mbwa" ni fupi, lakini lina konsonanti tatu mlangoni kabla ya irabu moja. "Ng'ombe" lina alama ya juu ambayo wengine huisoma na wengine huiruka. Mwaka 2015, mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulipoelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu walianza kuniambia waziwazi kwamba hadithi zangu ni nzuri lakini hazisomeki. Nilijifunza kuyakata maneno bila kuikata maana: badala ya "hawakumsikiliza" nikaandika "Ndeshi alisema. Wote walinyamaza, kisha wakacheka." Mtu mzima ataona nimeongeza maneno, na ni kweli, lakini mtoto amepata mawe mafupi zaidi ya kukanyaga.

Nilisoma pia kazi za waliotangulia, hasa katika Maktaba ya Mkoa hapa Moshi. Elieshi Lema, mzaliwa wa Nronga katika mlima huuhuu, alikuwa ameshawaandikia watoto kwa Kiswahili miaka mingi kabla yangu, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulikuwa umeanza kuwasaidia waandishi na wachapishaji tangu 1991, wakati mimi nikiwa darasani nasoma kitabu kimoja tukiwa watu watano. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimejidhania mwanzilishi.

Kuhusu mkataba wangu wa kwanza, mwaka 2014, nitasema kwa kifupi kwa sababu kosa lilikuwa langu kuliko la mchapishaji. Aliniletea karatasi dukani. Niliitoa kopi mwenyewe, kwenye mashine yangu mwenyewe, kurasa zote nne, na sikusoma hata moja kwa kuwa wateja wawili walikuwa wakisubiri. Nilikuwa nimeuza haki zote kwa shilingi 300,000. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini haimzuii kuziuza haki hizo juu ya kaunta ya fotokopi. Kitabu kimechapishwa tena na tena, nami hukikuta mashuleni kikiwa kimechakaa kwa kusomwa, jambo linalonifurahisha hadi nikumbuke. Mikataba iliyofuata nimeisoma kwa rula, mstari baada ya mstari, na mrabaha wangu ni asilimia 10, unaofika kwa kuchelewa lakini unafika.

Mchoraji wa kitabu hicho alikuwa kijana hodari ambaye hakuwahi kufika Kilimanjaro. Nilikuwa nimeandika kwamba Ndeshi alimsikia ng'ombe wao akikohoa. Akachora ng'ombe kumi na wawili katika mbuga, na mchungaji mwenye rungu. Uchaggani ng'ombe wa nyumbani ni mmoja au wawili, hufungiwa bandani, na majani hufuatwa na akina mama, wakati mwingine hadi tambarare, wakayapandisha kichwani. Mfereji nao aliuchora kwa saruji, umenyooka kama wa barabarani. Nilikasirika, nikaandaa simu ya maneno makali, kisha nikausoma upya muswada wangu na kuona kwamba banda halimo. Nilikuwa nimeliona kichwani mwangu, tena na harufu yake, na nikadhani nimeliandika. Ilikuwa ni lile jicho la kushoto limerudi kwa mlango mwingine. Siku hizi mchoraji nampa picha nilizopiga mwenyewe: banda, mfereji wa udongo, mkungu uliofunikwa kwa majani ya mgomba, mwanga unavyoshuka kati ya migomba saa kumi jioni.

Isidhaniwe kwamba miaka minane ya runinga ilipotea bure. Kitabu cha watoto hupangwa kwa kurasa 16, 24 au 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kukatwa kwa mafungu, na huwezi kuomba ukurasa mmoja wa ziada kwa sababu hadithi imekunogea. Waandishi wenzangu wengi hulalamikia jambo hilo. Mimi nililizoea mara moja, kwani mkuu wa kundi alikuwa akitukatia igizo katikati ya sentensi muda ulipoisha, na tulijifunza kukifikisha kisa mahali ambapo mtazamaji hawezi kulala bila kujua kinachofuata. Ukurasa wa kulia ndio mahali pangu hapo. Ndeshi anasikia nyayo mferejini, mtoto anageuza, kumbe ni babu, amekuja na koleo, kikombe cha chai bado kimo mkononi. Nimewaona watoto wakikishika kile kipembe cha karatasi kwa vidole viwili, wakisita kukigeuza, na furaha ninayoipata hapo haijawahi kuletwa na makofi ya ukumbi wowote.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, ilianza na riwaya na ushairi, na hadithi za watoto zikaingizwa baadaye. Nilipeleka muswada. Haukushinda, na nilipousoma tena baada ya miezi kadhaa nilikuta kurasa mbili ambazo mwalimu wangu wa Soweto hakuwa amezisoma, kwa kuwa niliharakia tarehe ya mwisho.

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya Kiboriloni, ambako walimu vijana walikuwa wakiwasomea Darasa la Pili kitabu changu kipya. Niliomba nisitambulishwe mpaka mwisho, nikapewa kiti cha mbao kando ya dawati la mwisho. Wazazi wa watoto wale ndio waliokuwa wakinichukia; watoto wenyewe hawajui chochote kunihusu, na nywele zangu zimeshaanza mvi. Mwalimu alisoma vizuri kiasi, akiinua kitabu kila baada ya kurasa mbili kuwaonyesha picha. Katika ukurasa ambao mbuzi anaingia kanisani, darasa zima lilisimama. Msichana mdogo aliyekuwa nyuma yangu alinigusa begani mara mbili, kwa adabu. "Shikamoo babu," akasema, nami nikaitikia. "Naomba usogee, sioni."

Nilisogeza kiti hadi ukutani, karibu na ndoo za maji za zamu, na kurasa zilizobaki nilizisikiliza kutokea hapo.